Nilivyoyaivisha Machungwa ya Mama Salma

Siku mliyoniaga mlinivisha taji la maua ya plastiki, mkanipa jiko la gesi, kisha mkaniomba niwaachie maneno mawili matatu ya kazi. Nikawaachia mawili kwa sababu pilau lilikuwa linapoa. Haya ndiyo yaliyobaki. Msitarajie habari za vyeo. Kibao cha cheo changu cha mwisho kilipachikwa mlangoni kikiwa kimeinama kushoto, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nanyoosha mistari ya wengine, hakuna aliyethubutu kukigusa. Nitazungumzia kazi yenyewe, yaani namna katalogi inavyoandaliwa hadi iingie mashineni, na ile mara moja nilipomtia mtu matatani kwa kuifanya vizuri mno.

Nilifika kiwandani Kibaha nikitokea Tabora, na begi moja na cheti cha uchapaji ambacho wino wake ulikuwa umesambaa. Chumba cha maandalizi kilikuwa na mtu mmoja tu, Mzee Sadiki, Mzaramo wa Kisarawe, mfupi, mwenye miwani mbili: moja ya kutazamia filamu za kurasa, nyingine ya kututazamia sisi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mtu wa wapi?"

"Tabora. Mnyamwezi."

Akavaa ile miwani ya pili. "Alhamdulillahi! Karatasi zimeshushwa pale nje tangu asubuhi, hazina wa kuzibeba. Babu zako walibeba pembe kwa miguu mpaka pwani, wewe utashindwa kufika stoo?"

Kwa asiyejua, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Mnaruhusiwa kusimangana, kutozana faini, hata kuchukuliana kitu hadharani, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Nikamjibu kwamba ni kweli babu zangu walibeba, ila walipofika pwani waliwakuta babu zake wamelala. Alicheka mpaka akakohoa, akanivutia kiti. Karatasi nilibeba vilevile.

Wakati ule kila ukurasa wa rangi ulikuwa na filamu nne, moja kwa kila wino: bluu, nyekundu, njano na nyeusi. Tulizipanga juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, tukachungulia kwa lenzi ndogo kuhakikisha zimekaliana. Filamu moja ikisogea unene wa unywele, mtu kwenye picha anapata midomo miwili. Adui yetu wa kudumu alikuwa vumbi, na Kibaha ya miaka ile ilikuwa na vumbi la kutosha kuuza nje ya mkoa. Mzee Sadiki alikuwa na brashi yenye nywele chache sana, nadhani tano, ya kuzibia vitundu vya vumbi kwenye filamu. Nilikaa mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kuishika.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa katalogi ya milango. Fundi seremala mmoja aliyekuwa amefanikiwa alitaka kitabu kinene cha kubanwa pini katikati, kila mlango na namba yake pembeni mwa ukurasa. Nikazipanga namba zote katika mstari mmoja, nikajisifu. Vitabu vilipotoka kwenye kisu, kurasa za mwanzo na za mwisho zilikuwa salama, lakini zile za katikati zilikuwa zimekatwa namba. Fundi akakifungua kitabu palepale kaunta.

"Sasa dada yangu," akasema, "mteja akiupenda mlango huu ataniambia anataka upi? Ule usio na jina?"

Mzee Sadiki hakunifokea. Alichukua karatasi kumi na mbili, akazikunja kwa pamoja, akaniambia nitazame ukingoni. Zile za ndani zilikuwa zimechomoza nje, kwa sababu karatasi ina unene, na unene unasukuma. Ukikata ukingo ili unyooke, za ndani ndizo zinazoliwa na kisu. Tangu siku ile sijapanga kitabu bila kwanza kukunja cha mfano kwa mkono, kuandika namba kwa penseli, na kuyasogeza ndani kidogo kidogo yaliyomo katika kurasa za katikati. Siku hizi kompyuta inafanya hivyo yenyewe ukiiambia. Tatizo ni kwamba ninyi mnasahau kuiambia.

Kompyuta zilipoingia, Mzee Sadiki alistaafu. Alisema hana ugomvi nazo, ila hana pia la kuzungumza nazo. Aliniachia ile brashi, na pamoja nayo karatasi ya mfano iliyokuja na mashine kutoka ng'ambo. Ilikuwa na uso wa mwanamke, majani, na kikapu cha matunda chenye chungwa kubwa linalong'aa.

"Ngozi, majani, chungwa," aliniambia. "Kwa hivyo vitatu jicho la mtu halidanganyiki. Vikikaa sawa, mwanangu, vingine vyote vitakaa."

Niliibandika ukutani, juu ya kioo cha kompyuta yangu. Nimeitii karatasi ile kuliko nilivyowatii baadhi ya mameneja.

Kisha wateja wakaanza kutaka vitu viwili kwa mpigo, katalogi ya kushika mkononi na katalogi ya kutuma kwa simu, na wengi walidhani ni kitu kimoja kilichovaa nguo mbili. Si kimoja. Karatasi inataka picha nzito, rangi za wino, na picha yoyote inayogusa ukingo ipitilize mstari wa kukatia kwa milimita tatu, la sivyo kisu kikicheza kidogo utabaki na utepe mweupe. Simu inataka picha nyepesi, rangi za mwanga, maandishi manene, na ukurasa mmoja mmoja, kwa sababu msomaji amesimama juani na kidole chake kina jasho. Orodha ya yaliyomo, mtu akiibonyeza, impeleke anakokwenda. Na kubwa kuliko yote, picha ya asili haiguswi. Fanya kazi kwenye nakala, ya asili iweke mahali pake. Hilo nililishika mapema, na ndilo lililokuja kunipatia ushahidi dhidi yangu mwenyewe.

Mama Salma alikuja kiwandani akitokea Kibuta, kule Kisarawe. Alikuwa na kitalu cha miche ya kubebesha, ile inayoungwa kwa kikonyo cha mti mwingine: michungwa, milimao, miembe. Mzaramo, mnene, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Maisha yake yote alikuwa ameuza miche kwa mdomo na kwa jina lake. Watu walisema mche wa Mama Salma haudanganyi. Sasa alitaka kitabu, cha karatasi na cha simu. Alipojua kabila langu alikataa kuendelea na mazungumzo mpaka nimpe kalamu yangu ya mfukoni. Sikuiona tena.

Picha nilikwenda kupiga mwenyewe. Alinitembeza shambani, kwenye miti mama anayokatia vikonyo, nikayapiga picha machungwa yakiwa mtini, yameiva, ya kijani kama yalivyo machungwa yetu yote ya Pwani. Karibu kila nililolipiga picha nililila. Nilirudi Kibaha na mfuko mzima.

Sasa nisikilizeni vizuri. Nilikaa mbele ya kompyuta, nikaifungua picha, nikainua macho kwenye karatasi ya ukutani. Chungwa la ukutani lilikuwa la rangi ya moto, langu kijani. Nikasema kamera imekosea. Nikapunguza bluu, nikaongeza njano, nikaongeza nyekundu, nikavuta taratibu nisiharibu majani, mpaka machungwa ya Kibuta yakaiva upya, moja baada ya jingine. Kazi ile ilinichukua mchana mzima, na ni kweli ilikuwa kazi safi. Na muda wote huo, Mungu ni shahidi, mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshika nusu ya chungwa la kijani nililokuwa nalifyonza. Sikulitazama. Nilikuwa nalila tu.

Mama Salma akaja kukagua prufu, ile nakala ya majaribio. Akafungua, akasogeza ukurasa mbali na macho, akausogeza karibu.

"Mtani, haya machungwa ya nani?"

"Ya kwako, mama."

"Ya kwangu ya kijani."

"Kwenye karatasi kijani kinaonekana kibichi," nikamwambia. "Huu ndio utaalamu wenyewe."

Akanitazama kidogo, akaitazama ile karatasi ya ng'ambo, akachukua kalamu. "Haya. Wewe ndiye fundi." Akatia sahihi.

Katalogi ikatoka. Niliionea fahari, nisiwafiche. Ya karatasi iligawiwa kwenye maonyesho na masokoni. Ya simu ilisambaa kutoka kundi hadi kundi mpaka ikanirudia mimi mwenyewe, imetumwa na shemeji yangu wa Tabora akiniuliza kama ninaifahamu.

Miche ya kubebesha huanza kuzaa baada ya miaka kama mitatu. Ikapita. Siku moja Mama Salma akanipigia simu, na kwa mara ya kwanza hakuanza na utani.

"Kalunde, njoo," alisema. "Naitwa mwizi."

Mwalimu Msangi, mstaafu mwenyeji wa Upare aliyehamia Marui, hukohuko Kisarawe, kulima, alikuwa amenunua kwake michungwa sitini. Aliichagua kwa picha. Machungwa ya kijani alikuwa anayajua, yamejaa kila kona ya barabara. Yeye alitaka yale ya rangi, ayauze kwenye maduka ya juisi ya Dar yanayopanga matunda nyuma ya kioo. Sasa michungwa ilikuwa imezaa, na imezaa kijani. Mwalimu akaamini ameuziwa miche mingine kwa jina la ile ya picha. Alikuwa amesema hivyo kanisani, amesema sokoni, ameandika barua ofisi ya kata, na ameanza kuikata miti. Kule Kibuta watu waliokuwa wameagiza miche walikuwa hawaji kuichukua. Wengine walipita njia nyingine ili wasisalimiane na Mama Salma.

Nilikwenda kwa meneja wetu wa wakati ule. Akafungua kabati, akatoa prufu, akaigonga kwa kidole. "Sahihi yake hii hapa. Kiwanda hakina kosa. Wewe usiende huko ukatuletea maneno."

Alikuwa sahihi kwa mujibu wa karatasi, na mimi nilikuwa karibu kustaafu, umri ambao mtu hatafuti ugomvi. Siku mbili nilijiambia kwamba Mama Salma aliona, akakubali, akasaini. Lakini kila nilipofika kwenye "akakubali" nilikumbuka kwamba aliuliza. Mwanamke ambaye hajawahi kuingia kiwandani aliona kosa ambalo mimi fundi sikuliona, na mimi nikamnyamazisha kwa neno utaalamu. Niliona aibu, na niliogopa. Siku ya shauri lao pale kata nikaomba ruhusa ya mambo ya familia, nikabeba kompyuta ya mkononi na picha za asili, nikaenda Marui.

Ofisi ya kata ilijaa. Mtendaji alikuwa mezani, Mama Salma upande mmoja, kanga ameishusha mpaka kwenye nyusi, na Mwalimu upande wa pili, na katalogi yangu ameifunika kwa plastiki kama cheti cha ndoa.

"Nimefundisha darasa la kwanza maisha yangu yote," Mwalimu alikuwa anasema. "Picha ya embe, neno embe. Mtoto anasoma kwa kuiamini picha. Nami niliiamini."

Nikasimama. Mtendaji akaniuliza mimi ni nani.

"Ni fundi wa hiyo katalogi. Nimekuja kujisemea."

Nikaweka kompyuta mezani, nikafungua picha mbili, ya asili kushoto na ya kitabuni kulia. Watu wakajaa mgongoni kwangu. Mwalimu akainama, akatazama muda mrefu.

"Hii ya kushoto ndiyo ya kweli?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na ya kulia?"

"Hii niliitengeneza mimi. Mama Salma hakuniagiza. Aliniuliza mbona yako hivi, nikamwambia ndiyo utaalamu."

"Kwa nini uliitengeneza?"

"Nilidhani ndivyo chungwa linavyotakiwa kuwa."

"Wewe unaishi wapi, mama?"

"Kibaha."

"Na huko Kibaha mnakula machungwa ya rangi gani?"

"Ya kijani, Mwalimu."

Ofisi nzima ilicheka, na mtendaji akainamia daftari lake akijifanya anaandika. Nilitamani sakafu inimeze. Mwalimu peke yake hakucheka. Aliketi, akaitandika ile plastiki mapajani. "Nimekata miti kumi na moja," akasema polepole. "Kwa hasira. Ilikuwa inazaa." Kisha akageuka. "Mama Salma, nimekuita mwizi mbele ya watu. Mbele ya watu hawahawa naomba unisamehe."

Mama Salma akaitikia kwa kichwa, akasimama. "Mtendaji, shauri limekwisha, ila adhabu bado. Huyu ni Mnyamwezi, mtani wangu. Mwenye kumhukumu ni mimi." Watu wakapiga makofi. "Kwanza, Mwalimu atapata miche kumi na moja, na mashimo atachimba huyu Mnyamwezi, kwa mkono wake, tuone kama jembe nalo analijulia utaalamu. Pili, kitabu kipya kitatoka. Chini ya machungwa yangu, mtani, utaandika jina lako, na la baba yako, kwamba rangi uliikosea wewe. Na namba yako ya simu uiweke, wenye maswali wakupigie wewe."

Nikasema nimekubali, nikacheka na wengine. Lakini tulipotoka nje alinishika mkono, na hapo hakukuwa na utani.

"Niliuliza, Kalunde," akasema. "Siku ile niliuliza."

Nikamwambia ni kweli, uliuliza, nisamehe. Nilimwambia nikiwa nalia, na sioni haya kuliandika.

Mashimo nilichimba. Futi mbili kwenda chini, kwenye udongo wa Marui, siku nne, Mwalimu akipita na rula yake. Prufu ya kitabu kipya meneja aliisoma akakunja uso, akataka ule mstari uondolewe. Nikamwonyesha sahihi ya mteja, ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha nguvu yake. Vitabu vya zamani vya karatasi tulivikusanya, karibu vyote. Cha simu hakikusanyiki. Kimeshakimbia, na mpaka leo kinazunguka na machungwa yake ya moto. Kwa hiyo andikeni tarehe ya toleo kwenye kila ukurasa wa katalogi ya simu, si kwenye jalada tu, maana watu hutumiana ukurasa mmoja mmoja. Na kabla hamjarekebisha rangi ya kitu, kikamateni kitu chenyewe mkiweke chini ya dirisha, mkitazame.

Nimeandaa katalogi za milango, za vitenge, za majeneza, za vifaranga. Fundi wa maandalizi hachapwi jina popote. Langu limechapwa mara moja, kwa herufi ndogo, chini ya picha: *Rangi ya machungwa katika toleo lililopita ilikosewa na Kalunde binti Mihayo wa kiwandani. Machungwa haya huiva yakiwa ya kijani. Ukiwa na shaka mpigie yeye.*

Na wanapiga. Wamenipigia nikiwa kazini, kanisani, saluni. Kitalu cha Mama Salma sasa kimevuka barabara, na wengi wa wateja wake wananijua mimi kabla hawajamjua yeye. Wiki iliyopita, nikiwa kwenye jiko lenu la gesi, simu ikalia, sauti ya mzee.

"Wewe ndiye Kalunde uliyekosea machungwa?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Niko Chole, huku Kisarawe. Michungwa yangu imezaa, machungwa makubwa, ila bado ya kijani. Hapa nyumbani wananiambia nimetapeliwa. Nisubiri, au niende kwa huyo mama nikamwambie ukweli wake?"

"Usiende popote, baba. Chuma moja ulimenye."

Nikasikia hatua, tawi likivutwa, kisu. Nikazima jiko nisikie vizuri. Kisha kimya, kirefu, na mimi nimesimama na mwiko mkononi, roho juu, nikimfikiria Mama Salma.

"Enhe, baba?" nikashindwa kuvumilia. "Vipi?"

"Subiri basi, mama," akasema. "Si unaona nakula?"